Nisaidieni albamu za posti-roki zenye sauti ya mtu, bendi yetu inataka kuvunjika

SautiNyuma (mleta mada)
Wakuu habari za usiku. Napiga gitaa kwenye bendi ya watu wanne hapa Arusha. Tunapiga posti-roki: magitaa yanajengeka taratibu, wimbo unaenda dakika kumi, kiitikio hakuna. Rekodi iko mwishoni. Kikwazo ni wimbo wa kufungia, ambao una sauti ya mtu. Mpiga ngoma anataka itolewe, la sivyo anajiondoa. Naomba mnitajie albamu nzito za aina hii ambazo sauti ndiyo imebeba kazi, nimwoneshe kwamba hatujazua kioja. Nahitaji majibu kabla ya Jumatatu, usingizi umenikimbia.

MzeeWaKanda
Huyo kijana wa ngoma hajasikiliza vya kutosha. Muziki huu ulizaliwa na watu wanaoimba. Talk Talk, Waingereza waliokuwa na nyimbo za kuchezeka redioni, waligeuka na kutoa Spirit of Eden mwaka 1988, kisha Laughing Stock 1991. Mark Hollis anaimba kwa chini mpaka unasogeza sikio kwenye spika. Kwenye "I Believe in You" inaingia kwaya ya kanisa, na mimi hapo huwa nasimama. Hata jina posti-roki lilishika baada ya mwandishi wa muziki Simon Reynolds kuliandika 1994 akiijadili Hex, albamu ya bendi ya Bark Psychosis, na Hex ina mwimbaji.
Spirit of Eden niliipata kwa kaseti iliyorudufiwa na rafiki yangu baharia, Tanga. Upande B ulikuwa na taarab. Mke wangu marehemu aliipenda ile taarab, basi kaseti moja ikatosha nyumba nzima.

Kichwangumu
Spiderland ya Slint, 1991, vijana wa Louisville, Kentucky. Brian McMahan sehemu kubwa anaongea tu, sauti iko chini ya magitaa, unashika neno hapa na pale. Halafu mwisho wa "Good Morning, Captain" anapiga yowe kwamba amemkumbuka mtu, na kila ulichosikia kabla yake kinabadilika maana. Ongeza "Cody" ya Mogwai, 1999. Muoneshe hizo, akikataa tafuteni mpiga ngoma mwingine, Arusha hawakosekani.

BintiSame
Mleta mada, mbona unaandika "sauti ya mtu" na si "mwimbaji"? Ni nani?

SautiNyuma
Mwanamke mtu mzima, hayupo kwenye bendi. Swali langu ni albamu.

MtumishiJoel
Kama ni mtu wa nje, mlipeni. Nimeimba kwaya tangu utotoni, tumerekodi, kanda zimeuzwa, sisi tukapewa soda. Vijana mnapenda vipaji vya wenzenu ila hamtaki kufungua pochi.

BintiSame
Kabla ya malipo: anajua kwamba yumo?

SautiNyuma
Sawa, niseme. Ni mama yangu. Alikuja kwangu kwa ajili ya kliniki, akawa anaamka alfajiri kusali sebuleni, anaanza na wimbo kisha anaomba kwa Kipare. Nikarekodi kwa simu. Hajui. Ila sikilizeni kwanza: sauti nimeifunika kwa magitaa, na wasikilizaji wetu Kipare hawakijui. Sigur Rós wa Iceland albamu yao ya 2002, ile yenye mabano mawili badala ya jina, yote imeimbwa kwa silabi ambazo hakuna anayezielewa, na watu wanalia. Godspeed You! Black Emperor wa Kanada kwenye albamu yao ya 2000 wameweka mzee anayesimulia enzi walipokuwa wakilala ufukweni Coney Island. Na mimi sioni aibu kusema kwamba sauti ya mama ndiyo kitu kizuri kuliko vyote tulivyorekodi. Kazi imeshatumwa kwa fundi wa mwisho na nusu ya pesa nimelipa.

Mtani_Moshi
Mama Mpare, halafu umemrekodi bila ruhusa! Mkuu, tafuta wakili mapema 😂

BintiSame
Mimi ni Mpare, nipo hapa, na posti-roki nasikiliza. Kwa hiyo msikilizaji mmoja tayari unaye. Zile silabi za Jónsi, mwimbaji wa Sigur Rós, hazina mwenyewe, kazitunga yeye kinywani mwake. Kipare kina wenyewe. Na yule mzee wa Coney Island anasimulia kumbukumbu zake, hayuko magotini. Mama anaomba nini humo?

SautiNyuma
Mambo ya nyumbani. Anamtaja dada yangu na ndoa yake. Lakini hapo gitaa liko juu.

Chai_Detector
Wakuu hii ni chai ya tangawizi. Mwanzo wimbo una "sauti ya mtu", mara "mwanamke mtu mzima", sasa ni mama, ameingia na dada na ndoa. Tena bendi ya posti-roki Arusha? Tunaopiga magitaa hapa tunajuana kwa sura. Mleta mada anaandika tamthilia, sisi tunampa visa vya bure.

Kichwangumu
Hata mimi nimeanza kupata shaka. Weka kipande tusikie.

SautiNyuma
Hatujawahi kupiga jukwaani, tunafanyia mazoezi stoo ya mahindi Sakina. Usiniamini, ila usiniite mwongo kwa kitu cha mama yangu.

MzeeWaKanda
Mwacheni. Mwanangu, tafuta "Jesus' Blood Never Failed Me Yet" ya mtunzi Gavin Bryars. Si posti-roki, ila ndiyo njia yako. Mzee asiye na makazi alirekodiwa London mwaka 1971 akiimba wimbo wa dini, Bryars akaurudiarudia na kuuzungushia ala. Mzee alifariki kabla ya kusikia. Wewe mama yako yupo, na simu unayo.

BintiSame
Swali la mwisho kwangu. Mpiga ngoma kwao wapi?

SautiNyuma
Usangi, Upareni.

BintiSame
Basi ameelewa kila neno! Umekuja kutafuta albamu za kumshinda mtu ambaye anamsitiri dada yako.

SautiNyuma
Hajaniambia hivyo. Alisema tu sauti itolewe. Mama anarudi kliniki Alhamisi, nitampa asikilize. Tarehe ya kutoa siibadilishi.

MtumishiJoel
Mama atakubali, mama hukubali kila kitu cha mwanawe. Dada je?

Chai_Detector
Kipande kiko wapi sasa? Sekunde thelathini tu, tumalize ubishi.

BintiSame
Usiweke. Mpigie dada.