Fundi anasema tairi nne, breki na oili vyote kwa mpigo, nianze na kipi?

mama_wa_tabata
Wakuu habari za mchana. Nina Toyota IST cc 1490, likizo hii tunaenda Iringa na watoto kwa hiyo nikaipeleka gereji ya hapa mtaani, nilichotaka mimi ni kumwaga oili tu maana kilomita zimefika. Fundi kaizunguka weee, kaniambia tairi zote nne zimekufa, pedi za mbele zimeisha, na oili ataweka 20W-50 eti gari imeshatembea sana inataka nzito. Jumla laki saba na nusu! Breki kweli zinalia nikisimama taratibu, ila tairi kwa macho yangu kashata (yale meno ya juu ya tairi) bado zipo. Hela yote kwa pamoja sina, nianze na kipi?

mzee_spana
Anza na breki dada, hapo hakuna mjadala. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachoanza kugusa diski zikibaki milimita mbili tatu hivi, mlio wake ndio huo. Ila vumbi nalo linaliza breki, kwa hiyo usimwamini fundi kwa maneno wala mimi huku, mwambie apige jeki atoe tairi na wewe umesimama hapo hapo, uone pedi ya nje NA ya ndani, maana pini za kalipa (ile inayobana pedi) zikigoma ya ndani inawahi kuisha na ukichungulia kwa nje unaona mambo safi kabisa. Zikiwa zimeisha badilisha kulia na kushoto pamoja.
Halafu Iringa kwenda unapanda mlima Kitonga, shughuli ni kurudi. Kule kushuka usikanyage breki mfululizo nyuma ya malori, weka gia 2 au L injini ikushikie gari. Na oili ya breki kama ina zaidi ya miaka miwili imwagwe, inanyonya unyevu, ikichemka mlimani pedo inazama mpaka chini hata pedi ziwe mpya.

kijiwe_cha_pancha
Kashata siyo kila kitu mama. Angalia ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mfano 2316, maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Tairi la hivyo hata likiwa na kashata nzuri mpira umeshakauka, cheki kama kuna vinyufa, na kwa safari ya lami ya moto na mzigo wa watu mimi silipeleki.
Pitisha na mkono upande wa ndani, likiwa limeliwa huko tu hiyo ni alaimenti (tairi hazijakaa sawa), ukiweka jipya bila kurekebisha nalo litaliwa vile vile. Upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva, na upimwe tairi zikiwa za baridi.

dogo_gerezani
20W-50 kwenye injini ya VVT-i kama hiyo yako (valvu zake zinaongozwa kwa presha ya oili) hapana!! Mwambie 5W-30, hiyo injini yako ya 1NZ inakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, galoni moja ya lita nne inatosha na chenji inabaki. Nunua mwenyewe ikiwa na sili, ifunguliwe mbele yako, achana na ile ya kupimiwa kwenye dumu hujui imetoka wapi. Na oili kuwa nyeusi isikutishe, inasafisha injini lazima iwe nyeusi.
Laki saba na nusu hiyo kaona mwanamke kaja peke yake, nakwambia 😂

mama_wa_tabata
Asanteni sana jamani. Nimerudi leo nikasimamia tairi zinatolewa, fundi kanuna lakini katoa. Pedi ya ndani kulia imebaki nyembamba kama kadi ya benki, nyingine zina nafuu, nimebadilisha seti nzima ya mbele. Tairi za mbele ni za 2021 na hazina kipara wala ufa, za nyuma ndiyo 2015 na vinyufa vipo, kwa hiyo nanunua mbili siyo nne. Oili 5W-30 imeingia na filta mpya. Swali la mwisho, hizo mbili mpya zifungwe mbele au nyuma?

kijiwe_cha_pancha
Nyuma. Mafundi wengi watakwambia mbele kwa sababu ndiko injini inakovuta, lakini mvua ikinyesha nyuma ikiteleza gari inageuka na huiwahi. Mbele ikiteleza ukiachia mafuta unaweza kuirudisha.

mzee_spana
Naunga mkono. Na spea tairi mcheki upepo kabla hamjaondoka, IST wengi wanatembea na lisilo na kitu.