Laki nne mkononi: baiskeli ya mtumba au cherehani? Niko Dodoma

Chumba na Sebule
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni ya kukaa. Kiuno kimeanza kulalamika, suruali mbili hazifungi tena, na nikirudi nyumbani ni simu mpaka usingizi unichukue. Nimeona yaishe. Nina laki nne, nataka kitu kimoja cha kunitoa kwenye hii hali. Nimebakiza baiskeli ya mtumba yenye gia, nifanye mazoezi, au cherehani, maana kushona nimekupenda tangu mdogo na vitenge vya kujifunzia ninavyo. Jimu naiweka ya tatu. Kipi nitadumu nacho, kipi nitakiacha baada ya mwezi? Uzoefu wenu tafadhali. Matusi hapana.

Ngoja Waje
Nimekaa pale, nasubiri wajuzi.

Mnadani
Mleta mada, taarifa nusu nusu hizi zinatuchosha. Dodoma ipi? Kuna mtu yuko Kikuyu na mwingine Ihumwa, wote wanasema "niko Dodoma". Kazini unaenda saa ngapi na unarudi saa ngapi? Baiskeli ni ya kuendea kazini au ya kuzunguka mtaani jioni? Kushona umewahi, au unapenda kuangalia tu? Luku ya umeme ni yako peke yako au mnachangia? Bila hayo tutakupigia ramli.

Fundi Spoku
Baiskeli. Uzi ufungwe.

Haya, nifafanue kabla hamjanirukia. Mji wetu umetanda, vilima vya kukutoa roho vinahesabika, na ukiwa na gia hata upepo wa Julai unaumudu. Laki nne inatosha mtumba mzuri na pampu juu. Ila usinunue kwa rangi. Inyanyue gurudumu la nyuma, lizungushe, tazama rimu inavyopita kati ya mipira ya breki. Ikiyumba huku na huku, ujue spoku zimelegea au rimu imepinda. Shika mkono wa pedeli uutikise kwa ubavu. Ukicheza, gololi za katikati zimekwisha. Kisha ivute cheni kwa kidole pale mbele kwenye meno. Ikiachana nayo kwa nafasi, imevutika, na itakulia meno ya nyuma yote.

Adui wa baiskeli huku kwetu ni mbigiri. Mvua zikikatika Aprili, kufika Juni zimeshakauka na kutapakaa kila njia ya vumbi, na tyubu za mtumba ni nyembamba. Tafuta tyubu kuukuu, ipasue kwa urefu, uilaze ndani ya tairi kabla ya tyubu nzima. Baiskeli inaongezeka uzito kidogo, lakini karai la kutafutia pancha utamrudishia mama.

Binti wa Kongwa
Kwa kuwa baiskeli imepata wakili, mimi niseme ya cherehani, ila sisemi kwa kusifia.

Nilinunua ya miguu, ile nyeusi ya maandishi ya dhahabu, imetumika. Muuzaji alikuwa mcheshi, ananiita mdogo wangu, akavuta kipande cha kaki akakikunja mara mbili, akashona mbele yangu. Mshono umenyooka, hauna hata pa kutilia shaka. Nikalipa, nikatafuta guta, nikafika nyumbani nimejaa furaha.

Nikaweka kitenge changu. Inashona vidole vinne hivi, inaruka. Inashika tena, inaruka. Nikabadilisha sindano, namba 14 nikaenda 16, nikabadilisha uzi, nikageuza bobini, nikapaka mafuta kila tundu niliyoiona. Jirani akasema labda nakanyaga vibaya, gurudumu linarudi nyuma. Tukamwita yeye akanyage, ikamrukia na yeye.

Fundi alipoilaza na kufungua chini, alinionyesha kile kidude kinachozunguka kukamata uzi wa sindano. Ncha yake ilishalika ikawa butu, na kuna mtu aliipiga tupa kuirudishia makali. Kwenye kaki kitambaa ni kigumu, uzi unasimama vizuri, kinaupata. Kwenye kitenge chepesi kinaupita. Ina maana kile kipande cha kaki kinakaa pale dukani kwa kazi hiyo hiyo. Niliporudi nikaambiwa mali ikishatoka hairudi, na tabasamu la mdogo wangu halikuwepo tena. Kipuri chenye vipimo vyake hakikupatikana mjini, wakaniambia nijaribu Dar, Kariakoo. Kichwa hicho kiko mvunguni hadi leo na meza yake naipigia pasi.

Kwa hiyo, mkuu, ukienda kununua nenda na kitambaa chako chepesi na uzi wako. Shona urefu wa mkono mzima. Kisha lizungushe gurudumu kwa mkono taratibu, usikilize. Chuma kikigusana na chuma, aga uondoke.

Mnadani
Pole sana dada. Ni duka gani hilo tuliepuke?

Binti wa Kongwa
Silitaji. Nisije nikafungiwa akaunti kwa ajili ya mtu aliyeshanila.

Kichuguu
Mimi sielewi mnashindanisha nini. Cherehani ya miguu si mazoezi tayari? Mama yangu mkubwa kashona maisha yake yote pale Majengo, hana kitambi wala presha. Mkuu nunua cherehani, umeua ndege wawili.

Nesi wa Zamu
Kichuguu, hapana. Kukanyaga cherehani ni kifundo cha mguu kinachezacheza, moyo wenyewe hauna habari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku 2 au zaidi za mazoezi ya misuli. Wastani ni pale ambapo unaweza kuongea na mwenzako lakini wimbo huwezi kuuimba. Mama mkubwa anashona huku anaimba kwaya, sivyo?

Na huyu kaka kashasema kiuno kinamsumbua kwa kukaa. Akitoka kwenye kiti cha ofisi ahamie kiti cha cherehani, ameinamia sindano usiku, kiuno kitamshukuru kwa lipi? Sisemi asishone. Asihesabu kushona kuwa ndiyo mazoezi, basi.

Kichuguu
Anaimba kweli, sauti ya pili. Lakini presha hana.

Alizeti ya Ikungi
Laki nne za nini? Raba moja na barabara ya Mungu. Panda chuo kikuu, UDOM, asubuhi, barabara zina vilima na magari si mengi. Sisi Singida hatuna hata hizo njia na tumetoa bingwa wa dunia. Alphonce Simbu amezaliwa huku huku kwetu, na Tokyo 2025 kachukua dhahabu ya marathoni kwa 2:09:48. Yeye na Mjerumani walipewa muda ule ule, wakaamuliwa kwa picha. Mnadhani alianza na baiskeli ya gia?

Fundi Spoku
Simbu anafanyia mazoezi Arusha, tuambizane ukweli.

Alizeti ya Ikungi
Kuzaliwa kazaliwa wapi? Miguu imetengenezwa wapi? Arusha wameazimwa.

Mnadani
Jamani, Simbu ni askari wa JWTZ na kukimbia ndiyo kazi yake. Akiamka anaamkia mazoezi. Mwenzetu akiamka anawahi basi. Na mleta mada mwenyewe kaingia mitini.

Chumba na Sebule
Nipo wakuu, nilikuwa kazini. Majibu ya maswali: nakaa Nzuguni, kazi iko Mji wa Serikali, Mtumba. Basi la wafanyakazi linatupitia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, jioni nafika nyumbani saa moja, siku za bajeti hata saa tatu. Mimi ni mwanaume, kwa aliyeniuliza faragha. Kushona sijawahi zaidi ya kurudishia vifungo. Nimepanga chumba na sebule, luku tunachangia wapangaji, na ukuta wa pili kuna mama ana kichanga.

Halafu nilisahau. Katika hiyo laki nne, laki moja ni ya kikoba, natakiwa niirudishe mwisho wa mwezi.

Binti wa Kongwa
"Nilisahau"!

Mnadani
Kwa hiyo ni laki tatu. Ungeanzia hapo.

Nesi wa Zamu
Na kichanga ukutani. Cherehani ya miguu saa tatu usiku, mama wa watu atakuja kukugongea na mtoto mgongoni.

Fundi Spoku
Basi mambo yamejipa! Nzuguni hadi Mtumba ni lami moja kwa moja, nenda na baiskeli, achana na basi. Mazoezi yanakuwa ndani ya safari, hutafuti muda mwingine.

Mnadani
Fundi, unampenda huyu mtu au unamtafutia kesi? Hiyo ndiyo barabara kuu ya Dar. Malori ya Rwanda na Burundi yote yanapita pale, na jua la Dodoma linachomoza baada ya saa kumi na mbili. Akitoka kwa baiskeli kuwahi kazini anatoka gizani. Afike kajaa vumbi na jasho, aoge wapi? Sinki la chooni?

Fundi Spoku
Kuna taa, kuna vesti za kung'aa. Watu wa Chamwino wanaleta mkaa mjini kwa baiskeli usiku na hawalalamiki.

Mnadani
Wenye mkaa hawana namna. Yeye ana basi la bure.

Kichuguu
Jimu nayo mmeisahau. Rafiki yangu yuko jimu moja mjini, analipa kwa mwezi.

Nesi wa Zamu
Jimu ya mjini kwa mtu wa Nzuguni anayefika nyumbani saa moja usiku? Atapitiliza kwao arudi tena? Hiyo ada atailipa akiwa amelala. Kaka, ashuke kituo kimoja au viwili kabla ya chake, atembee haraka haraka hadi nyumbani, siku tano za kazi. Dakika ishirini ishirini ni 100 tayari. Jumamosi amalizie 50. Hata senti haijatoka. Ile Jumamosi ya pili ya mwezi ya mazoezi aliyoitangaza Mama Samia akiwa Makamu wa Rais mnaikumbuka? Mtaani kwetu bado tunatoka, ingawa siku hizi ni akina mama watupu, wanaume wanatupigia makofi wakiwa wamekaa na supu.

Alizeti ya Ikungi
Supu ya mbuzi ya Jumamosi usiiguse, dada yangu.

Kibao cha Buigiri
Nimewasoma wote. Naona mazoezi mmeshampatia, la pili mnamnyima. Mtu kasema kabisa jioni yake imeliwa na simu. Anataka kitu cha mikono. Cherehani ina kelele, haya. Kwa nini asijifunze ilimba?

Ni kibao chenye vyuma, kinakaa mapajani, bei yake haiigusi laki ya kikoba. Vile vitundu vinazibwa kwa utando wa buibui, ndiyo unaoleta ule mvumo unaotambaa chini ya sauti. Utando ukichanika unabandika mwingine. Ukipiga kwa kidole cha chini chini, kichanga kitalala vizuri kuliko mwanzo. Mzee Hukwe Zawose alitoka huku huku Ugogo, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na hicho kibao na zeze. Leo watoto wa Dodoma wanakijua kwenye video tu.

Kichuguu
Mimi ni Mgogo na sijawahi kuishika. Aibu kidogo.

Kibao cha Buigiri
Njoo Chamwino tamasha la muziki wa Cigogo likifika, utaishika. Akina mama wa muheme wakianza kupiga zile ngoma, Nesi, hizo dakika zako 150 zinaisha siku moja.

Nesi wa Zamu
Hapo sibishi. Muheme nauhesabu.

Binti wa Kongwa
Lakini kaka anataka kushona, jamani, si kupiga muziki. Aanze na sindano ya mkono. Akate kitenge kimoja, atengeneze mfuko wa sokoni, mishikio miwili, apige pindo kwa mkono. Akimaliza mifuko kadhaa na bado anatamani, hapo ndipo atafute cherehani ya umeme ndogo, ashone Jumapili mchana. Luku wagawane kistaarabu.

Chumba na Sebule
Hii ya mfuko nimeipenda, na kushuka kituo cha nyuma nitajaribu wiki ijayo. Ila bado roho iko kwenye baiskeli, nisiwadanganye. Jumamosi na Jumapili nataka nitoke hata kwenda mashamba ya zabibu huko, nirudi. Fundi, Jumamosi uko wapi?

Mnadani
Huyu alishaamua kabla hajaja hapa.

Fundi Spoku
Nipo Sabasaba asubuhi yote. Ninayo moja ya gia, fremu iko salama, breki ya nyuma nitaikaza. Picha naweka kesho nikipata bando. Kibao, hiyo ilimba wanachonga kwa mti gani? Nina kijana wangu kila kopo analoliona analigonga.

Kibao cha Buigiri
Njoo faragha, nina mzee anachonga. Mlete na huyo kijana, asianzie kwenye kopo.

Alizeti ya Ikungi
Fundi, weka na bei ya baiskeli hapa hapa. Nami natafuta.