Ghala la silaha la zamani: tuligeuzeje maktaba bila kuliharibu?

Nzuguni_B: Wakuu, habari za kazi. Huku kwetu mkoani Dodoma kuna jengo la mawe lililokuwa ghala la silaha la mgambo, sasa linatakiwa liwe maktaba. Kuta ni nene, kama sentimita 60, na ziliwahi kupigwa plasta ya saruji. Plasta inabanduka kuanzia chini hadi kimo cha mita moja, na ukuta unatoa unga mweupe. Fundi anataka tupige saruji kali zaidi. Chumba kirefu cha nyuma kilitumika kulenga shabaha. Tuanzie wapi?

fundi_chokaa: Mkuu, huyo fundi mzuieni kwanza. Unga huo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi, na ukuta wa mawe na chokaa huyatoa nje wenyewe. Ukiuziba kwa saruji yanazidi kupanda, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Saruji kali itaondoka na vipande vya mawe.

Shusheni udongo uliorundikana nje hadi sentimita 15 chini ya sakafu, na maji ya bati yapelekwe mbali na msingi. Mvua zetu ni chache, ila zikija zinamwagika kwa mkupuo. Plasta itolewe kwa patasi na nyundo nyepesi, mpite nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu, iangukie kwenye turubai. Mkiosha kwa maji inarudi ndani. Uacheni ukuta upigwe na kiangazi kizima.

Kisha pigeni plasta mpya: kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kulowekwa maji) kwa vipimo vitatu vya mchanga wa mtoni uliooshwa. Maji ya kisima chenye chumvi msiyaguse. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, na lifunikwe kwa magunia mabichi wiki nzima. Jua la Dodoma likiliwahi, linabaki unga, halafu lawama zote zinaenda kwa chokaa.

Kizota_Mjini: Chumba cha shabaha ndicho kinachonitia wasiwasi. Marekani, maghala kadhaa ya mgambo yaliyofunguliwa kwa raia yalikutwa na vumbi la madini ya risasi lililotoka vyumba vya kulengea vya ndani, na kwa watoto hilo ni sumu ya ubongo. Humo msifagie kwa ufagio mkavu. Fungeni mlango, mpeleke sampuli za vumbi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kabla fundi hajagusa kitu. Sakafu ikiwa ya mbao, vumbi limejaa kwenye nyufa. Kupangusa juu juu hakutoshi.

Mzee_wa_Ramani: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya enzi za Wajerumani hayamo mpaka yatangazwe, kwa hiyo ulizeni Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kubomoa hata ukuta mmoja.

Nzuguni_B: Na madirisha? Ni madogo mno, wanataka kuyapanua.

fundi_chokaa: Yaacheni. Ukipanua unakata kizingiti kinachobeba mawe ya juu, na ufa unaanzia hapo. Wekeni taa, na matundu ya hewa karibu na dari. Vitabu havipendi jua hata kidogo.