Malindi hadi Lamu na mzazi: basi au ndege?

Binti Barani
Assalam aleikum jamaa. Nampeleka mama Lamu kwa Maulidi. Magoti yanamsumbua, na hajarudi kwao tangu aolewe huku Malindi. Ndugu zangu wanasema tupande ndege hadi Manda, kisiwa cha jirani chenye uwanja wa ndege. Yeye mwenyewe ataka basi, aione njia. Mliosafiri karibuni mwanishauri nini? Na tiketi, nikate kwa simu au niende ofisini?

Mwana Mkomani
Waaleikum salaam dada. Basi. Kutoka Garsen hadi Lamu siku hizi ni lami. Aliyewahi kukwama na matope ya masika kule Witu atakwambia hiyo ni neema gani. Vizuizi vya polisi vipo na abiria hukaguliwa, kwa hiyo kitambulisho cha mama kiwe mkononi, kisiwe kwenye begi lililofungiwa buti. Kata kwa simu, lipa kwa M-Pesa, kisha piga ofisini uulize kama kiti ulichopewa ni kizima na kina nafasi ya kunyoosha miguu. Hilo programu ya tiketi kwenye simu haikuonyeshi.

Tuktuk Mambrui
Mimi nasema ndege kama uwezo upo. Hata saa moja haifiki angani, na mgonjwa hatikiswi. Ila mizigo hupimwa kilo, na nauli hubadilika kila unapofungua simu. Kata mapema, wakati wa Maulidi viti huisha.

Mzee wa Langoni
Mwanangu, kwa magoti jambo kubwa ni gati. Basi litawashusha Mokowe, gati la huku bara, ndege itawashusha Manda, na kote huko mtapanda boti kuja mjini. Maji yakipwa, boti hukaa chini sana na zile ngazi za chini huwa na ukoga, zateleza. Maji yakijaa, boti huinuka ikawa karibu sawa na gati; baharia humshika mkono, akapiga hatua moja yuko ndani. Usipande inayojazwa kupita kiasi, na mama avae jaketi la kuokolea hata akikataa. Mkishuka mjini hakuna teksi ya kuita kwa simu, vichochoro ni vya miguu na punda. Tafuta hamali mwenye mkokoteni abebe mizigo, mama atembee mikono mitupu.

Bi Korosho
Namwelewa mama yako sana. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari ya Mombasa na Malindi yalipanga foleni kivukoni. Tulishuka, tukanunua korosho za moto kwenye kijikaratasi, mama akatufunika kanga kichwani kwa jua. Ile foleni ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Mpe kiti cha dirishani, aone mto Sabaki, aone ng'ombe wa Garsen. Ndege atapanda siku nyingine.

Binti Barani
Bi Korosho, nimemsomea akatabasamu. Tutaenda kwa basi, kurudi kwa ndege akichoka. Mzee, shikamoo. Maji nitajuaje? Tutasafiri mwishoni mwa mfungo sita, mwezi wenyewe wa Maulidi.

Mzee wa Langoni
Marahaba. Mwezi ukikaribia kuandama maji hujaa mchana, kama saa nane au tisa hivi. Pandeni basi la asubuhi na mapema. Mkifika Mokowe yakiwa bado hayajajaa, kaeni kivulini mnywe chai, msikimbilie boti ya kwanza.