Noti za Chuck Berry ninazo, sauti haiji. Kasoro iko wapi?

NyuziSita
Wadau, noti zote za utangulizi wa "Johnny B. Goode" zinatoka sawa na spidi ipo, lakini sauti ni nyepesi, kama zoezi la darasani. Napigia freti (nafasi kwenye shingo ya gitaa) ya 5, ufunguo wa A. Uzi wa tatu ni ule uliozungushiwa waya. La pili: akina Keith Richards, yule mpiga gitaa wa Rolling Stones, walirithi nini hasa kwa Berry? Noti, au kitu kingine?

MkonoWaKulia
Mkuu, anza kwa kuhamia freti ya 6. Rekodi ya 1958 iko kwenye B-flat, na bila kupiga sambamba nayo hutaisikia kasoro.

Noti zenyewe hata Berry alizirithi. Utangulizi ule unafuata karibu noti kwa noti ule wa Carl Hogan, mpiga gitaa wa Louis Jordan, kwenye rekodi ya 1946. Kwa hiyo kilichowafikia vijana wa Uingereza ni namna ya kuzipiga.

Laza kidole cha shahada juu ya uzi wa kwanza na wa pili, freti ya 6, na uzipige zote mbili kwa pamoja, mkono ukishuka kila mara. Wengi hupiga uzi mmoja mmoja, na wepesi unaousikia unatoka hapo. Kisha uzi wa tatu, freti ya 8: upinde kuelekea sauti ya uzi wa pili, freti ya 6. Ni toni nzima, yaani hatua ya freti mbili. Ukiishia kidogo kabla, noti mbili zinakwaruzana, na mkwaruzo huo usiuogope, ndio ladha yenyewe.

Sasa sikiliza mapigo. Ngoma zinabembea (nusu ya kwanza ya pigo ndefu, ya pili fupi), gitaa linaligawa kila pigo nusu kwa nusu, sawasawa. Ukibembea pamoja na ngoma, mvutano wote unapotea. Richards aliubeba mvutano huo kuliko noti yoyote.

UziWaBanjo
Na huo uzi wa waya utoe. Seti za nyuzi za miaka ya 1950 zilikuja nao, ndiyo maana kuupinda toni nzima kulikuwa kazi ngumu. James Burton, aliyepiga "Susie Q" ya 1957, aliweka uzi wa banjo mahali pa uzi wa kwanza, akasogeza nyuzi nyingine nafasi moja. Wa tatu ukawa mwepesi na hauna waya. Leo seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi, kwa elfu za inchi) inatosha. Ukibadilisha, kagua tyuni ya freti ya 12, maana uzi usio na waya unahitaji tandiko lake (kipande unapokalia kwenye daraja la gitaa) lirudishwe nyuma kidogo.

KidoleGumba
Nakubali kuhusu mkono, ila kwa Richards msimsahau Scotty Moore, mpiga gitaa wa Elvis. Kidole gumba chake kinashika besi kwenye nyuzi nene huku vingine vikipiga wimbo juu, njia ya wapiga gitaa Merle Travis na Chet Atkins. Mwangwi wake ulitoka kwenye mashine ya tepu pale studio ya Sun, Memphis, na kuanzia 1955 kwenye amplifaya iliyotengenezwa na Ray Butts, yenye tepu ndani. Kwa pedali ya mwangwi: milisekunde 120 hadi 140, marudio moja tu, sauti ya mwangwi chini ya ile halisi. Ukiongeza marudio, noti zinapandana na besi ya kidole gumba inazama.

NyuziSita
Shukrani. Na rithimu ya Berry kwenye B-flat? Vidole havifiki.

MkonoWaKulia
Uzi wa sita freti ya 6 kwa kidole cha shahada, wa tano freti ya 8 kwa kidole cha pete, kisha kidole kidogo kinaruka hadi freti ya 10 na kurudi. Piga mara mbili kila nafasi. Hiyo ni kazi ya mkono wa kushoto wa mpiga piano, iliyohamishiwa kwenye gitaa. Kama hakifiki, teremsha kidole gumba hadi katikati ya mgongo wa shingo ya gitaa. Shahada isiachie freti ya 6.