Mjadala: Waasisi wa Marekani waliandika Katiba ya uhuru au ya kulinda utumwa?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna hoja inarudiwa kila Marekani inapotajwa: kwamba Katiba yao ya 1787 ilikuwa ya uhuru tangu siku ya kwanza, ila watu wa enzi zile hawakuiishi. Yaani maandishi safi, watekelezaji ndio walioteleza. Mimi napinga. Utumwa ulilindwa na maandishi yenyewe, tena kwa ustadi.

Kwanza tusichanganye nyaraka. Azimio la Uhuru la Julai 4, 1776 ndilo linalosema binadamu wote wameumbwa sawa. Lile ni tamko tu. Haligawi viti vya bunge wala halimweki rais madarakani. Katiba ilikuja miaka 11 baadaye, pale Philadelphia, ikakamilika Septemba 17, 1787. Walihudhuria wajumbe 55, wakatia saini 39. Jefferson, mwandishi wa rasimu ya Azimio, hata hakuwepo. Alikuwa balozi Ufaransa. Tukizungumzia serikali ya Marekani inavyoendeshwa, tunazungumzia waraka huu wa pili.

Sasa ufungueni. Neno "mtumwa" hamtaliona. James Madison, mmoja wa wajumbe, alisema kikaoni kwamba ni makosa kuingiza kwenye Katiba wazo la binadamu kuwa mali. Sawa, neno wakaliacha nje, kazi yake wakaiacha ndani. Ibara ya kwanza inagawa viti vya wawakilishi kwa kuhesabu watu huru wote, kisha inaongeza sehemu tatu kati ya tano za "watu wengine wote", yaani watumwa. Ibara hiyohiyo inalizuia Bunge kupiga marufuku uingizaji wa "watu hao" kabla ya 1808. Ya nne inaagiza aliyetoroka kazi ya bwana wake arudishwe, hata akifika jimbo lisilo na utumwa. Ya tano, inayoeleza namna ya kurekebisha Katiba, inakataza kipengele cha 1808 kisiguswe kabla ya muda wake. Mtu anayepiga kufuli juu ya kufuli namna hiyo hajapitiwa. Amekusudia.

Tazameni na hesabu. Kwa sensa ya 1790 Virginia ilikuwa na watu huru kama 455,000, Pennsylvania kama 431,000. Karibu sawa. Lakini Virginia ilikuwa na watumwa 292,627, na Pennsylvania 3,737 tu. Kwa kuwa kura za kumchagua rais hufuata idadi ya wabunge wa jimbo, uchaguzi wa 1792 Virginia ilikuwa na kura 21 za wajumbe wanaomchagua rais, Pennsylvania 15. Mtumwa hapigi kura, ila kuwepo kwake shambani kunaongeza kura za jimbo la bwana wake! Kati ya miaka 36 ya kwanza, 32 rais alikuwa mtu wa Virginia: Washington, Jefferson, Madison, Monroe. Wote wanne walimiliki watumwa.

Anayepinga alete kipengele, asilete hisia.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, umechambua vizuri ila umemruka Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka 1838. Mwanzoni alikuwa upande wako, kwenye kundi la wapinga utumwa la William Lloyd Garrison, yule aliyeichoma moto nakala ya Katiba hadharani huko Framingham, Massachusetts, Julai 4, 1854. Ila kufikia 1851 Douglass alishahama. Hotuba yake ya Julai 5, 1852 watu wanapenda kunukuu pale anapoisuta Marekani kwa unafiki wake. Wakifika mwishoni, anapoiita Katiba waraka wa uhuru, wanafunga kitabu.

Na hoja yake ilikuwa ya kisheria. Sheria ni kile kilichoandikwa na kupitishwa, na yaliyonong'onwa kikaoni hayamo. Kama waliona haya kuandika neno, wasidai haki inayotokana na neno ambalo halipo. Tena Rekebisho la Tano la 1791 linasema hakuna mtu atakayenyimwa uhuru wake bila kufuata taratibu za sheria. Limesema mtu. Halikusema Mzungu.

Na hizo tatu kati ya tano, kumbuka wenye watumwa walitaka watumwa wahesabiwe wote. Wewe unaita zawadi, mimi naona punguzo. Hata uingizaji ulipigwa marufuku kuanzia Januari 1, 1808, siku ya kwanza kabisa Katiba ilipoliruhusu Bunge kufanya hivyo.

Mchangiaji, Mwanza

Kwa hiyo waasisi sasa ni wapigania haki? Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Wakati anaandika "wote wameumbwa sawa", aliyekuwa akimhudumia pale Philadelphia ni Robert Hemings, kijana wa miaka 14 hivi, mtumwa wake. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mchangiaji, Ohio

Nawasoma kutoka huku. Kwenye yale maswali 100 ya mtihani wa uraia niliyokariri, kulikuwa na linalouliza ni watu gani waliletwa Marekani wakauzwa kuwa watumwa. Maswali mawili mbele ulikuwa unaulizwa nani aliandika Azimio la Uhuru. Ulijibu Waafrika, ukajibu Jefferson, ukasonga mbele. Kwamba majibu hayo mawili yanahusiana, hakuna aliyekuuliza.

Mimi nia za waasisi hazinisumbui sana. Wanaonivutia ni waliowashika kwa maneno yao wenyewe. Elizabeth Freeman, mtumwa huko Massachusetts, alichukua sentensi ya katiba ya jimbo ya 1780 isemayo watu wote huzaliwa huru na sawa, akaenda nayo mahakamani 1781. Akashinda, na shilingi 30 za fidia akalipwa. Mwingine, mwanamke mtumwa aliyeitwa Ona Judge, hakungoja mahakama: Mei 1796 alitoka nyumbani kwa Rais Washington, Philadelphia, familia ikiwa mezani inakula, akapanda meli hadi New Hampshire. Washington alijaribu kumrudisha akashindwa. Mwanamke huyo alikufa 1848, kisheria bado mali ya watu.

Mchangiaji, Nairobi

Wadau, mwongezeni Thurgood Marshall. Huyu wakili aliyeshinda kesi ya Brown ya 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni aliletwa kwetu na Tom Mboya, na 1960 akawashauri wajumbe Waafrika kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London. Aliandaa rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya, na ndani yake akawalinda hata Wazungu waliokuwa wachache. Nadhani ni mtu aliyejua katiba inaponyamaza anaumia nani. Mwaka 1987, akiwa jaji wa Mahakama ya Juu na wenzake wakijiandaa kusherehekea miaka 200 ya Katiba, alisema wazi kwamba serikali waliyoibuni waasisi ilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Mleta mada

Mkuu wa Dar, Douglass namheshimu, ila hoja yake ilibaki hoja. Mwaka 1857, kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, Mahakama ya Juu kwa majaji 7 dhidi ya 2 iliisoma Katiba hiyohiyo, na Jaji Mkuu Taney akatamka kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani. Hiyo ndiyo ikawa sheria. Kuiondoa kulihitaji vita ya wenyewe kwa wenyewe, halafu Marekebisho ya 13, 14 na 15 ya Katiba kati ya 1865 na 1870, yaliyofuta utumwa na kuwapa watu weusi uraia na haki ya kura. Maandishi safi hayafuliwi kwa damu ya mamia ya maelfu ya watu.

Kuhusu punguzo: punguzo ungelipata kama mtumwa angekuwa anapiga kura. Hapigi. Kwa hiyo hesabu halali ilikuwa sifuri.

Lakini umegusa jambo la yaliyosemwa kikaoni, na hapo nakusubiri. Julai 19, 1787 Madison alikiri kwamba rais kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja ndiyo njia bora, ila Kusini isingeambulia nguvu yoyote kutokana na watumwa wake. Wakaishia kwenye kura za wajumbe, na utaratibu huo upo hadi leo, kura 538. Mwaka 2016 aliyezidiwa kwa karibu kura milioni 2.9 za wananchi ndiye aliyeingia Ikulu. Hiki nacho tukisome kama kilivyoandikwa tu, tusiulize kilitoka wapi?