Kichanga na wakubwa wawili: jioni mnagawanaje?

Mama Watatu: Wapendwa, mwanangu mdogo ana miezi miwili, dada yake yuko darasa la tano, kaka yao la pili. Wiki hii kuna mitihani ya mkubwa, chanjo ya mdogo, na wa kati kaanza tena kukojoa kitandani. Ikifika saa 1 jioni kichanga analia, daftari liko mezani, na huyu wa kati haniachii nguo. Sitaki hata mmoja ajione kasahaulika. Mnafanyaje?

Bibi Mkunga: Mwanangu, wa kati usimgombeze kabisa. Hutokea sana mdogo akizaliwa. Mpe robo saa yake peke yake kila siku, simu iwe mbali. Ila akilalamika maumivu akikojoa, au akiwa na kiu isiyo ya kawaida, mpeleke akapimwe.

Baba Pacha: Kichanga hulia zaidi jioni, kilele karibu wiki ya 6, kisha hupungua. Kwetu mama akinyonyesha, wakubwa humsomea kwa sauti. Na walale mapema, umri wao unahitaji usingizi wa masaa 9 hadi 12 kwa siku.

Mama Watatu: Shikamoo bibi, asante. Kiu sijaiona, nitaangalia. Baba Pacha, hilo la kusoma naanza leo.